Siku Niliyotoa Gesi Lukenya

Nimeacha kazi ya friji na AC nikiwa sijafika hamsini, na kila ninayekutana naye hapa Machakos anataka kujua kama ni ugonjwa au ni ugomvi. Si ugonjwa wala ugomvi. Mgongo ulikataa kupanda mapaa, nami nikakubaliana nao haraka kuliko mke wangu alivyotarajia. Sasa nalala. Upepo ukivuma na mabati yakaanza kugonga mahali, nageukia upande wa pili, kwa sababu hayo mabati si yangu.

Vijana wa karakana wameniomba niandike machache kabla sijaondoka, maana wananijua: nikiwa na nafasi, miguu yangu haikai. Sitaandika habari za vyeo. Karakana yetu haikuwa na vyeo. Kulikuwa na mwenye funguo na wasio na funguo. Nitaandika jinsi nilivyoingia, mtu aliyenifundisha, na mashine moja ya Lukenya ambayo hadi leo nikiikumbuka napumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua gunia.

Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho hakikumfurahisha wala kumkasirisha mtu yeyote. Mjomba wangu akanipeleka kwa Mzee Kimeu, fundi wa friji aliyekuwa na karakana nyuma ya soko. Hakuwa mzee sana wakati huo, lakini alivaa kofia ya sufi hata mwezi wa pili, na kofia hiyo ilimwongezea miaka. Cheti changu hakukiuliza. Aliniuliza, "Unaogopa nyuki?"

"Kidogo," nikasema.

"Basi utafaa. Wale hawaogopi huwa hawaangalii mahali wanaweka mkono."

Nilidhani ni mzaha. Wiki hiyo hiyo tulifungua mashine ya nje ya AC juu ya paa la duka moja kubwa, nikaelewa. Nyuki wa Ukambani wanapenda mashine zetu kuliko mizinga waliyotundikiwa.

Kimeu alinifundisha kutumia mikono na masikio kabla ya geji. Geji, kwa msomaji ambaye si wa kazi hii, ni kama saa mbili zilizofungwa pamoja, moja ya buluu na moja nyekundu. Unaziunganisha kwenye mabomba ya mashine kwa mipira, na mikono yake inakuonyesha gesi iliyo ndani inasukuma kwa nguvu kiasi gani. Kijana akizipata anajiona daktari. Kimeu alikuwa anazifungia kwenye kabati hadi uwe umeshika bomba, umesema lipi ni la moto na lipi ni la baridi, na umeweka mpini wa bisibisi ndefu sikioni huku ncha yake ikiwa juu ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Kompresa nzima inanguruma kama mtu aliyeshiba. Inayokaribia kufa inasaga meno.

Lakini mzee huyu alikuwa na tabia moja ambayo lazima niieleze, kwa sababu bila hiyo habari ya Lukenya haitaeleweka. Siku moja tuliitwa Tala, kwenye bucha ambayo friji yake ilikuwa haigandishi. Kimeu aliivuta kutoka ukutani, akaona mabomba ya nyuma yamejaa mafuta ya nyama na vumbi hadi yamekuwa kama blanketi. Akayasugua kwa mswaki wa zamani, akapuliza, akairudisha. Ikaanza kugandisha. Mwenye bucha akauliza ilikuwa na nini.

"Ngesi ilikuwa imeisha," Kimeu akasema, kwa ile *ng* yetu ya Ukambani. "Nimeongeza kidogo."

Tulipotoka nikamuuliza, "Mzee, si ilikuwa uchafu?"

"Ni uchafu."

"Na gesi?"

"Ngesi iko sawa kabisa."

"Sasa mbona umemwambia hivyo?"

"Nikimwambia ni uchafu, ataona aibu mbele ya wateja wake. Halafu kesho ataanza kuosha friji kwa ndoo ya maji, achome mota. Nikimwambia ngesi, ananyamaza, anaogopa kuigusa. Wewe ulitaka anyamaze ama ulitaka aelimike?"

Kwa kweli gesi ya friji haiishi. Haichomwi kama ile ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto kutoka upande huu inalipeleka upande ule, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua, maana yake kuna tundu mahali, na kuongeza bila kuziba tundu ni sawa na kumimina maji kwenye kikapu. Kila fundi anajua hivyo. Lakini neno la Kimeu lilienea mjini na vijijini, kwa sababu lilikuwa fupi na halikumlaumu mtu. Mafundi wengine walilichukua. Wateja wakalichukua. Ilifika mahali mtu anakuja karakana, anasimama mlangoni na kusema moja kwa moja, "Nataka kuongezewa gesi," kama mtu anayeagiza chai. Nilisikia mama mmoja akisema hivyo kuhusu redio.

Baada ya miaka michache nikaanza kuwashwa na miguu. Nilikwenda Mombasa kwenye mahoteli, nikaona chumvi inavyokula mabomba. Nilikwenda Eldoret kwenye vyumba vya baridi vya maziwa. Nilikaa Athi River kwenye kiwanda cha nguo, mahali ambapo kazi yangu ilikuwa juu ya dari, kwenye masanduku makubwa ya bati yenye feni na koili ndani, yaani mabomba membamba yaliyokunjwakunjwa. Sanduku la aina hiyo halitengenezi baridi wala joto. Kazi yake ni kuvuta hewa ya chumba, kuipitisha kwenye koili, na kuisukuma tena kwenye mifereji hadi iwafikie watu. Sisi tuliliita sanduku tu. Kule nilijifunza mikanda yake, vichujio vyake, na jinsi ya kulala ndani yake wakati wa chakula cha mchana bila msimamizi kukuona.

Kila nilipoyajua mabarabara ya mji vizuri, niliona ni wakati wa kuondoka. Hata sasa nikisikia harufu ya vumbi la Athi River baada ya mvua nataka kurudi, ingawa nilipokuwa huko nilitaka kwenda kwingine.

Mahali pa mwisho kabla ya kurudi Machakos ilikuwa hoteli moja ya Nyeri, na huko ndiko nilikokutana na pampu ya joto. Usiogope jina. Ni AC iliyo na valvu ya kugeuza njia ya gesi. AC ya kawaida inachukua joto ndani ya nyumba na kulitupa nje. Pampu ya joto inafanya hivyo, lakini ukiigeuza inafanya kinyume: inakusanya joto lililoko nje, hata siku ya baridi, na kulileta ndani. Ikiwa upande huo, koili ya nje ndiyo inayokuwa ya baridi. Asubuhi yenye ukungu unaweza kuikuta imeota theluji, na ni nzima kabisa. Fundi aliyekulia kwenye friji akiona theluji mahali pasipo pa kawaida, mkono wake unakwenda kwenye mtungi wa gesi wenyewe, bila kumuuliza.

Nilirudi kwa Kimeu katika miaka ile ya mgao wa stima. Mito ilikuwa imekauka, mabwawa yamekauka, na stima ilikuwa inakatwa asubuhi na kurudishwa jioni. Aliyekuwa na jenereta alikuwa mfalme. Asiyekuwa nayo alinunua barafu, kama mtu anayenunua kuni kwa jirani.

Asubuhi moja ya Julai Kimeu aliniambia niende Lukenya kwa Mama Ndinda, mjane aliyekuwa akilea vifaranga na kuwauzia wafugaji. Tulimhudumia tangu zamani, tangu mume wake akiwa hai, lakini friji ya nyumbani tu. Sasa alikuwa amenunua pampu ya joto iliyotumika, pamoja na sanduku lake, kutoka hoteli iliyokuwa inavunjwa Nairobi. Sababu yake ilikuwa nzuri. Kundi lake la nyuma alilipasha joto kwa majiko ya makaa, na asubuhi moja alifungua mlango akakuta hewa mbaya imewamaliza wote.

"Ako na shida gani?" nikamuuliza Kimeu.

"Mashine inapasha halafu inazima. Fundi mwingine ameongeza ngesi mara mbili. Wewe ulikaa na hizo vitu huko Nyeri, mimi sizijui. Nitakuja kukuchukua jioni na pikapu."

Lukenya mwezi wa Julai ina baridi ambayo haisemwi vya kutosha. Vilima vilikuwa ndani ya ukungu, na upepo ulikuwa unatoka uwanda wa Athi moja kwa moja bila kizuizi. Nilisikia vifaranga kabla sijaiona nyumba yao. Kifaranga aliye sawa anaongea chini chini, kama wanawake kwenye foleni ya kisima. Aliye na baridi analia kwa sauti nyembamba, ya juu, bila kupumzika. Hawa walikuwa wanalia.

Mama Ndinda alikuwa amepiga magoti ndani, juu ya maranda, koti la marehemu mume wake begani. Vifaranga walikuwa wameletwa alfajiri, wa siku moja, njano tupu. Wakisikia baridi wanakimbilia kona moja na kupandana, na walioko chini wanakosa hewa. Alikuwa anawatenganisha kwa mikono kama mtu anayechambua maharagwe, na akimaliza kona hii wamerundikana ile.

"Wĩmũseo, mwaitu?" nikamsalimu. Mwaitu ni mama, na kwetu mwanamke wa umri wake humwiti jina.

"Nitakuwa mzima hii mashine ikipona. Umeleta gesi?"

"Wacha niiangalie kwanza."

"Yule mwingine pia aliangalia. Nauliza kama umeleta gesi." Akanyanyua kifaranga kimoja kilicholegea, akakiingiza ndani ya koti, kifuani. "Hawa wakienda, nafunga. Wambua atarudi kwao Yatta, na mimi nitaenda kukaa kwa dada yangu nikiangaliwa kama mtoto. Sitaki kukaa kwa dada yangu. Anapika bila chumvi."

Wambua alikuwa mfanyakazi wake, mrefu, mwenye sweta mbili. Jenereta, maji na kuku vyote vilikuwa juu yake. Alinipeleka kwenye sanduku lililokuwa kwenye kibanda kilichoshikana na nyumba ya vifaranga.

"Hii mashine ni kama shemeji yangu," akasema. "Inaanza kazi vizuri. Ukigeuka tu, imekaa chini."

Tuliwasha. Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya kibanda kwa sababu stima ilikuwa imeshakatwa. Nilikwenda ndani nikaweka mkono kwenye matundu ya hewa. Hewa ilitoka, na ilikuwa ya moto kuliko nilivyotarajia. Lakini ilikuwa ya unyonge. Iliishia hapo hapo mkononi. Vifaranga waliokuwa hatua chache mbele yangu hawakuipata.

Niliunganisha geji. Mkono wa saa nyekundu ulipanda, ukaendelea kupanda, hadi mahali ambapo swichi ya usalama ilisema *tak* na kompresa ikanyamaza. Wambua akanitazama. Mimi nikaangalia saa nyekundu ikishuka.

Vijana, hapa ndipo mnapaswa kukaa chini. Ikiwa upande wa kupasha joto, saa nyekundu ikipanda hivyo, mashine inakwambia ina joto jingi na halina mahali pa kwenda. Gesi imelibeba hadi kwenye koili ya ndani, lakini hewa ya kulichukua haitoshi. Kwa hivyo usiulize gesi, uliza hewa. Nilifungua kichujio nikitarajia kukikuta kimezibwa na manyoya. Kilikuwa kisafi.

"Naosha kila Jumamosi," Wambua akasema, amejivuna.

Koili ilikuwa safi. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Hakuna panya aliyejenga kwenye mfereji. Feni ilikuwa inazunguka, naisikia, na hewa ilikuwa inatoka, naiona ikipeperusha manyoya. Katika kazi yetu jaribio la feni ni moja tangu zamani: unaweka mkono, hewa ikitoka unasema feni ni nzima na kwenda mbele. Nilikwenda mbele. Nilichunguza valvu ya kugeuza. Nilichunguza mota. Ndani, sauti ya vifaranga ilikuwa inapanda, na Mama Ndinda alikuwa amemwita Wambua amletee makaa.

"Mama, makaa si ndiyo yaliua wale wengine?" Wambua akamjibu kutoka mlangoni.

"Unataka wafe kwa baridi ndiyo ufurahi? Lete jiko mbili. Na uache mlango wazi."

"Nikiacha mlango wazi, baridi inaingia."

"Basi ufunge nusu! Kwani lazima nikufikirie kila kitu?"

Alikwenda kuyatafuta akinung'unika. Aliporudi na majiko alikuwa bado ananung'unika, na sasa ilikuwa ni juu ya jenereta. "Huyu mnyama mpya ni mkubwa bure. Ako na mdomo tu. Ile ya zamani ilikuwa inajaza tangi kabla nimalize chai. Hii nakunywa chai, naosha kikombe, nalala kidogo, maji bado iko katikati."

Nilikuwa nimechuchumaa. Nikainuka. "Tangi gani?"

"Ya maji. Pampu ya kisima."

"Na stima ikirudi jioni?"

"Maji inakuja kama kawaida. Nakwambia ni jenereta haina nguvu."

"Na hii mashine jioni?"

Akafikiri. "Jioni huwa inajikaza. Ilikuwa inafanya usiku wote, hadi yule fundi aongeze gesi mara ya pili. Siku hizi hata usiku inazima zima."

Jenereta isiyo na nguvu inafifisha taa, inafanya mota zichelewe na kuchemka. Taa zilikuwa kali. Mota haikuwa ya moto. Lakini hapo kulikuwa na vitu viwili, pampu ya kisima na feni ya sanduku, vyote vinapata stima ya nyaya tatu za moto, na vyote vinafanya kazi nusu jenereta ikiwaka. Mota ya nyaya tatu inazunguka kufuatana na mpangilio wa nyaya hizo. Ukibadilisha mbili mahali pake, inazunguka kinyume. Pampu ya kisima ikizunguka kinyume bado inatoa maji, ila kidogo. Na feni ya sanduku, ile yenye umbo la pipa, ikizunguka kinyume haivuti hewa kurudi nyuma kama mtu anavyodhani. Inaisukuma mbele vile vile, lakini kiunyonge. Mkono wako utaambiwa feni ni nzima.

"Zima," nikamwambia Wambua.

Nilifungua bati la sanduku, nikaliangalia lile pipa la feni likipunguza mwendo. Kisha nikafuta vumbi kwenye ubavu wake hadi nikaiona alama ya mshale iliyopigwa kiwandani. Mshale ulielekea mlangoni. Pipa lilikuwa linaelekea ukutani.

Wambua aliweka kichwa karibu na changu. "Kwani imekuwa ikirudi nyuma?"

"Tangu jenereta mpya iunganishwe."

"Asi! Na vile naiosha kila Jumamosi."

Hapa pia mnisikilize. Ungeweza kubadilisha nyaya kwenye mota ya feni na kwenda nyumbani ukiwa shujaa. Jioni stima ya kawaida ikirudi, feni ingeanza kuzunguka kinyume upande huo. Kosa lilikuwa kwenye jenereta, na dawa ilitakiwa huko. Tulizima jenereta, nikapima kwa testa nikahakikisha hakuna moto, kisha kwenye ile swichi kubwa ya kuchagua stima au jenereta nikabadilisha nyaya mbili za upande wa jenereta. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, nikaangusha skrubu kwenye nyasi. Wambua aliipata kwa kulala kifudifudi, akiimba wimbo wa kanisani kwa hasira.

Tulipowasha tena, kitambaa cha Mama Ndinda kiliruka kutoka kichwani.

Hakukiokota. Alisimama katikati ya nyumba huku mikono imenyooshwa, akihisi hewa. Wambua aliyabeba majiko akayarudisha nje, na nyuma ya kibanda tulisikia maji yakipiga bati la tangi. Mimi pia nilitaka kucheka, lakini nilirudi kwenye geji, na saa nyekundu ilikuwa inapanda tena. Polepole safari hii, lakini inapanda. Ile gesi iliyoongezwa mara mbili ilikuwa bado ndani, imejaa kwenye koili kama watu kwenye chumba cha mahubiri. Ilibidi itolewe.

Nilichukua mtungi mtupu wa kijani, nikauweka kwenye karai la maji baridi ili upoe na kuvuta vizuri, nikaanza kufunga mpira. Mama Ndinda alinikuta nikifanya hivyo.

"Hiyo ni nini?"

"Gesi imezidi, mwaitu. Napunguza."

Alinitazama kama niliyemwambia nataka kumtoa damu mgonjwa. "Unatoa gesi? Kwa mashine yangu? Siku ya baridi kama hii?"

"Imewekwa nyingi sana."

"Gesi inazidi vipi? Kimeu mwenyewe, mwalimu wako, amekuwa akiniwekea gesi tangu mzee wangu akiwa hai. Friji ikileta shida, ni gesi imeisha. Kila mwaka. Sasa wewe unakuja kunitolea?"

"Mwaitu, gesi haiishi."

Nilisikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu, na nikajua yamefika hadi Machakos mjini.

"Haiishi?"

"Haichomwi. Inazunguka tu."

"Kwa hivyo Kimeu amekuwa akinidanganya."

Wambua alianza kuangalia vilima kwa bidii, ingawa vilikuwa ndani ya ukungu. Mimi sikuweza kumtetea mzee bila kumdanganya mama, na sikuweza kumjibu mama bila kumvua mzee kofia mchana kweupe. Na saa nyekundu ilikuwa bado inapanda, na ndani walikuwa wameanza kulia tena.

"Ya Kimeu mtaongea na Kimeu," nikasema. "Mimi naongea juu ya hii. Njoo ushike hii saa nyekundu, wewe mwenyewe. Mimi nitafungua kidogo kidogo. Gesi haiendi popote, inaingia kwa huu mtungi. Ukiona mambo yanaharibika, sema rudisha, nitairudisha yote na sitafungua mdomo tena."

Alifikiri. Kifaranga kilichokuwa kifuani mwake kilitoa kichwa nje, kikatazama, kikarudi ndani. Akazishika geji.

Nilifungua. Mpira ukavuma, mtungi ukawa wa moto, Wambua akaumwagia maji. "Imeshuka," Mama Ndinda akasema. Nikafunga, tukangoja. "Imepanda tena kidogo." Nikafungua. "Imeshuka." Alikuwa ameinamia ile saa, ulimi kwenye meno, na alitangaza kila mwendo wake kama mtu anayesoma majina kanisani. Kisha akanyamaza.

"Imefanya nini?" nikauliza.

"Imesimama."

Tulikaa pale kibandani, watu watatu kwenye mfuko mmoja wa chakula cha kuku, tukisubiri ile *tak*. Haikuja. Wambua alimaliza kusimulia habari ya shemeji yake na akaanza kuirudia. Haikuja. Mama Ndinda ndiye aliyegundua kwanza. Aliinua kidole.

"Sikilizeni."

Hatukusikia kitu, na hicho ndicho alichotaka tusikie. Kile kilio chembamba kilikuwa kimekwisha. Tulipochungulia ndani, vifaranga walikuwa wametawanyika juu ya maranda yote, kama mtama uliomwagwa kwenye mkeka, wengine wanakunywa, wengine wamelala kifudifudi na miguu imenyooka nyuma. Wambua aliwaona hao waliolala na roho ikamruka, hadi mmoja alipopiga chafya. Wawili watatu wa asubuhi hawakuamka. Mama aliwachukua kwenye aproni bila kusema neno. Wengine wote walikuwa hai.

Jioni stima iliporudi, tuliogopa tena. Wambua aliigeuza ile swichi kubwa, na mimi nikiwa nimefungua bati naangalia pipa. Lilianza kuzunguka kuelekea mlangoni, kama mshale ulivyosema. Niliketi chini kwenye udongo, na sikuona haya.

Pikapu ya Kimeu iliingia wakati huo. Alishuka na kofia yake, akasukuma mlango wa nyumba ya vifaranga akiwa na uso wa mtu anayekuja kupongezwa. Mama Ndinda alikuwa ameketi ndani juu ya mfuko, mgongo ukutani, hewa ya moto ikimpiga usoni.

"Kimeu," akasema. "Huyu kijana wako anasema gesi haiishi."

Kimeu alinitazama. Nikatazama matundu ya hewa.

"Miaka hiyo yote," mama akaendelea, "gesi yangu ilikuwa inaenda wapi?"

Mzee alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kuona kichwa chake. Kilikuwa na upara wa duara, safi kabisa. Akaizungusha kofia mikononi.

"Mama Ndinda," akasema mwishowe, "hiyo ni hadithi ndefu kidogo."

"Nina wakati. Anza na ile friji ya kwanza. Mwaka ule mzee wangu..."

Hakumaliza. Kimeu alingoja, ameinamisha kichwa kama mtoto wa shule. Tulingoja wote. Kisha Wambua akainama, akamtazama mama usoni, na kuweka kidole mdomoni. Alikuwa amelala. Kinywa wazi, mkono juu ya koti mahali kile kifaranga kilipokuwa.

Kimeu alirudi nyuma polepole, akiangalia anapokanyaga. Kwenye mlango alininong'oneza, "Usiufunge kwa nguvu." Nami nikaurudisha taratibu mpaka ukakaa.